Kahawa ya kukaa: barua ya wazi kwa wanaoviongoza visiwa vya Ugiriki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii,
Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni,
Mheshimiwa Waziri wa Meli na Sera ya Visiwa,
na waheshimiwa mameya wa visiwa vya Aegean.

Waheshimiwa,

Salamu kwanza. Barua hii mmeshaipata kwa Kigiriki. Niliiandika kwa Kigiriki changu cha bandarini, binti yangu akainyoosha, tukaituma, na mpaka leo kimya. Sasa nimeiandika upya kwa lugha niliyonyonya na kuiweka hadharani, ili ndugu zangu wa Kypseli, mtaa wa Athens wenye Waafrika wengi, na wa nyumbani waisome, nao waamue kama nimewavunjia heshima. Wakalimani mnao.

Jambo lenyewe ni karatasi. Imebandikwa kwenye mlango wa mkahawa wa kijiji cha mke wangu, katika kisiwa kimoja cha Cyclades, kundi la visiwa katikati ya bahari ya Aegean. Jina la kijiji nalihifadhi, maana watu wake ni wachache kiasi kwamba ukitaja kijiji umeshataja watu. Karatasi iko kando ya matangazo ya misiba, kwa kuwa huku tangazo la maziko hubandikwa kwenye nguzo ya umeme na kwenye mlango wa mkahawa. Inasema jengo, ambalo ni mali ya halmashauri, litapangishwa kwa mnada, na atakayetaja kodi kubwa ndiye atakayekabidhiwa funguo. Imetaja mita za mraba, imetaja bei ya kuanzia, imetaja miaka ya mkataba. Majira ya baridi hayakutajwa popote.

Mimi ni baharia mstaafu, mzaliwa wa Tanga. Nilishuka Piraeus, bandari ya Athens, mwaka 1986 kutoka kwenye meli ya mizigo yenye kutu nyingi kuliko rangi, nikidhani nitakaa wiki mbili. Kigiriki sikukijua hata cha kuombea maji. Lakini siku ya kwanza niliyoketi kwenye mkahawa wa mabaharia karibu na gati nilisikia maneno matatu nikageuka kuangalia kama kuna Mswahili nyuma yangu. Kahawa wanaiita kafes. Kikombe chake wanakiita flitzani, nami nyumbani nilikua nikisikia finjani. Chombo cha kuipikia ni briki, na nani asiyejua birika? Baadaye nilielezwa kwamba maneno hayo yalitoka kwa Waarabu, yakapita kwa Waturuki yakafika kwao, na yakashuka na majahazi yakafika kwetu. Ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti.

Mkahawa wa kijiji wanauita kafenio. Mwaka 1994 ndipo nilipoingia ile ya kijijini kwa mara ya kwanza, nikiwa mchumba wa mtu. Waheshimiwa, nyinyi hamjawahi kuingia kafenio ya kisiwa mkiwa weusi, kwa hiyo niwaeleze. Dado zilisimama. Waliokuwa wanacheza tavli, mchezo wao wa ubao na dado, waliinua vichwa. Mwenye kafenio, tumwite Barba, kama sisi tunavyosema Mzee, aliniuliza neno moja tu: vipi? Maana yake sukari kiasi gani. Nikasema metrio. Nilipotaka kulipa akatikisa kichwa na kuonyesha kwa kidevu meza ya pembeni: nimeshalipiwa. Huko ndiko kukirimiwa kwao, neno lao ni kerasma, na aliyekukirimu hakudai hata umtazame.

Aliyenilipia alikuwa mzee aliyekaa Tanganyika ujanani, kwenye mashamba ya mkonge. Mkumbuke kwamba Wagiriki walikuwa wengi kwetu wakati wa ukoloni, kwenye mkonge na kwenye kahawa ya kaskazini, na wengi wao waliondoka baada ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967. Kiswahili chake kilikuwa cha mnyapara: lete, ondoa, upesi. Neno tafadhali hakulijua. Nilimfundisha mimi, kwenye meza ile ile, miaka ishirini na saba baada ya yeye kuondoka Tanga. Alikuwa akilisema vibaya makusudi ili niendelee kumsahihisha.

Sasa niwaambie kinachofanyika mle ndani, kwa sababu nina hofu kwamba waliochapa karatasi ile waliwahi kufika Agosti tu.

Barba hupima maji kwa finjani yenyewe, akayatia kwenye birika dogo la shaba lenye mpini mrefu. Anatia kahawa iliyosagwa laini kama poda, na sukari kwa kadiri ya mtu. Anakoroga mwanzoni, kisha haligusi tena. Povu likipanda mpaka ukingoni analiondoa motoni kabla halijachemka, maana likichemka povu limekufa, na mtu aliyeletewa kahawa isiyo na povu atajiona ametukanwa. Bila sukari ni sketo, ya wastani ni metrio, tamu ni gliko. Bilauri ya maji baridi huja bila kuombwa. Sisi kwenye baraza humimina kahawa chungu ile ile kwa wote kutoka kwenye dele moja, utamu tukauachia kashata. Wao kila mtu hupikiwa yake. Na Barba hakuulizi mara mbili: ukishasema metrio mwaka 1994, wewe ni metrio mpaka kaburini.

Hiyo ni kahawa. Iliyobaki haina bei. Barua za posta huachwa pale, kwa sababu tarishi hana nguvu ya kupanda ngazi za kijiji kizima. Funguo za nyumba za walioko Athens zimetundikwa ukutani, kila moja na kipande cha uzi wa rangi. Dawa zikitoka duka la dawa la bandarini hufikia pale. Fundi bomba huachiwa ujumbe pale. Maziko yakiisha, watu hawatawanyiki. Huingia kunywa kahawa ya faraja, sketo, pamoja na tone la konyagi na tosti ngumu, na ndipo mfiwa anapoambiwa nani atamlimia bustani mwaka huu. Ikifika siku tatu upepo uko Beaufort 8 na meli haziruhusiwi kutoka, kafenio ndiyo hujua nani ana unga na nani hana.

Januari moja, jirani yetu mwenye umri unaopita miaka themanini hakuonekana. Kiti chake kiko karibu na dirisha, na kwa kawaida saa moja na nusu asubuhi sketo yake huwa mezani. Saa mbili Barba akaangalia saa. Saa mbili na robo akavua aproni, akaenda mwenyewe, akamkuta sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, amelala pale tangu usiku. Mzee yule yu hai. Analalamika kwamba nyonga mpya inapiga kelele akipanda ngazi.

Msidhani nimekuja kuipaka kafenio asali. Kwa miaka mingi mwanamke alikuwa haingii mle, na kama mume alihitajika nyumbani, mtoto ndiye aliyetumwa kusimama mlangoni. Mama mkwe wangu aliishi hatua arobaini kutoka kafenio maisha yake yote, na mara ya kwanza kuketi ndani alikuwa na miaka sitini na moja. Aliniambia alichoshangaa ni uchafu wa dirisha. Miaka ya themanini vijiji vilikuwa na kafenio kwa rangi za vyama: ya kijani ya PASOK, ya bluu ya Nea Dimokratia, na ya wekundu, na ndugu wa tumbo moja walipita barabarani bila salamu kwa sababu ya mahali wanapokunywa kahawa. Masengenyo yapo. Sigara ilikuwepo mpaka macho yanatoka machozi. Nayajua hayo, na bado nawaandikia.

Kwa nini zinafungwa? Wazee wanakufa, hilo haliwahusu mawaziri. Vijana wamekwenda Athens, Melbourne, Ujerumani. Lakini kuna mengine yanawahusu.

Mwaka 2024 nchi yenu ilipokea wageni zaidi ya milioni 40 ukijumlisha waliokuja kwa meli za kitalii, ilhali sensa ya 2021 ilihesabu wakazi takriban milioni 10.5. Santorini ina wakazi wapatao 15,500, na mpaka mwaka 2025 ndipo idadi ya abiria wa meli za kitalii wanaoshuka pale ikawekewa kikomo: 8,000 kwa siku moja. Nusu ya kisiwa kinashuka na kupanda kati ya asubuhi na jioni. Sichukii wageni, mimi mwenyewe nilikuja na meli. Ila mwenye chumba cha chini anapojua kwamba chumba hicho kikipangishwa kwa usiku mmoja mmoja kitamlipa kuliko mkahawa, au kikiwa baa ya kutazamia machweo kitamlipa mara nne, atamtoa Barba. Na mwalimu anayepangiwa shule ya kisiwani Septemba hana mahali pa kulala mpaka wageni waondoke. Mwalimu asipopata chumba, shule inayumba. Shule ikifungwa wazazi wanahama. Na wazazi ndio waliokuwa wateja wa Barba Februari.

Halafu kuna kodi, na hapa naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mhasibu. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kahawa inayonywewa mezani inatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 24. Kahawa hiyo hiyo ikibebwa kwenye kikombe cha karatasi inatozwa asilimia 13. Najua visiwa vya mpakani vina nafuu yao, Cyclades hatumo. Najua pia sababu: nafuu ya zamani ilikuwa ya muda, na kahawa ya kubeba mkaihurumia kwa ajili ya mfanyakazi anayekimbilia treni. Kijijini kwetu hakuna treni. Hakuna anayebeba kahawa, kwa kuwa hakuna pa kuipeleka. Barba ana mashine ya kadi, ana mashine ya risiti iliyounganishwa na mamlaka ya mapato, analipa bima yake ya uzeeni, na anauza kahawa kwa euro moja na nusu kwa mtu atakayekaa saa tatu akaomba maji mara mbili. Kwa hesabu yenu, kinachotozwa zaidi pale ni kule kukaa. Niliposema hivi kijijini, mmoja alicheka akasema basi tuinywe tumesimama mlangoni, mguu mmoja nje, tulipe asilimia kumi na nane na nusu.

Na tusisahau meza tatu chini ya mforsadi. Mwaka juzi walikuja watu wa halmashauri yetu na futi ya chuma, wakapima kivuli cha mti, na Barba akaandikiwa ada ya kutumia eneo la umma kwa kiwango kile kile cha mikahawa ya gatini inayouza kahawa kwa euro tano. Aliwapikia kahawa. Kisha akaingiza meza mbili ndani. Moja ameiacha nje, na huwa anasema hiyo ni ya mti.

Msiniambie kwamba serikali haiwezi kuingilia biashara za watu. Mwaka 2023 wakazi wa Paros walishuka ufukweni na mataulo yao kudai mahali pa kuyatandika, kwa sababu vitanda vya kukodi vilikuwa vimemeza mchanga wote. Mwaka uliofuata ikapatikana sheria mpya ya fukwe. Kuanzia Januari 2025 mkasimamisha usajili mpya wa nyumba za kupangisha kwa muda mfupi katika sehemu za katikati ya Athens. Mkitaka, mnaweza. Tena Katiba yenu, ibara ya 101, inawataka watunga sheria na watawala wazingatie hali ya pekee ya visiwa na milima. Sikuiandika mimi.

Kuna waheshimiwa wengine, najua, watakaosema dawa ni kuiandikisha kafenio UNESCO kama urithi wa utamaduni. Waturuki waliandikisha kahawa yao mwaka 2013. Waarabu, Oman ikiwemo, wakaandikisha yao mwaka 2015. Kama mnataka kuandikisha, andikisheni, nitafurahi. Lakini nimeona kafenio zenye ubao wa buluu ulioandikwa kwa maandishi ya kizamani, viti vya kusukwa vilivyonunuliwa vyote siku moja, picha za mababu wa watu wengine ukutani, na mlango unaofungwa kwa mnyororo kabla Oktoba haijaisha. Cheti kitatundikwa kwa hao, wana nafasi ukutani. Kwa Barba ukuta umejaa funguo.

Watafiti wa Athens nao waliwapima wazee wa Ikaria, kisiwa maarufu kwa watu kuishi miaka mingi, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba wanywaji wa kahawa hii ya birika walikuwa na mishipa ya damu yenye afya nzuri zaidi. Mke wangu aliisoma taarifa hiyo kwa sauti kafenioni. Barba akauliza kama walipima pia na kiti.

Narudi kwenye karatasi. Barba ana miaka sabini na nane na amesema magoti yamekwisha, hatashindana na mtu kwenye mnada. Wanaotaka jengo, kwa ninavyosikia, ni wawili. Mmoja ni mfanyabiashara mwenye baa mbili gatini. Simlaumu hata kidogo, analipa kodi na anaajiri vijana. Ila atafungua Juni na kufunga Septemba, kwa sababu ndivyo hesabu yake ilivyo, na yeye hatoi sadaka. Wa pili ni mume na mke, vijana, mwanamke ni mjukuu wa kijiji, wako Piraeus na mtoto mmoja. Wanataka kurudi. Wanataka kuuza kahawa, mchele, betri, sabuni na nyanya, kama kafenio za zamani zilizokuwa nusu mkahawa nusu duka. Mtoto wao angekuwa wa saba katika shule ya msingi. Kwenye mnada wa atakayetaja kodi kubwa hawa wameshindwa kabla ya kufika mlangoni.

Ninachowaomba ninyi mawaziri ni kwamba kahawa ya mezani, katika makazi madogo ya visiwani na mahali panapofunguliwa mwaka mzima, isitozwe zaidi ya ile ya karatasi. Kama mnaogopa udanganyifu, mna mashine ya risiti. Itawaonyesha nani alikata risiti Februari na nani hakukata. Mheshimiwa wa Utalii, takwimu zako zina safu ya waliofika. Ongeza safu ya milango iliyo wazi Januari, kisiwa kwa kisiwa. Mfanyakazi wa bandari anaweza kuihesabu kwa simu asubuhi moja. Mheshimiwa wa Visiwa, ruzuku ya meli za majira ya baridi inatusaidia na tunaishukuru, lakini abiria anayeshuka saa tisa usiku kwenye mvua anahitaji taa moja inayowaka. Nyumba za walimu na madaktari mmeziahidi mara kadhaa; hilo mnalijua, sitalirudia.

Na wewe, Mheshimiwa Meya wa kisiwa chetu, ambaye sikutaji jina, ninachokuomba hakina gharama. Majengo ya halmashauri ni ya halmashauri, na masharti ya mnada mnayaandika wenyewe. Mita za mraba mmezikumbuka. Ongezeni mstari mmoja chini yake: mpangaji atafungua kila siku kuanzia Novemba hadi Machi, saa kumi na mbili asubuhi, na atauza kahawa. Mfanyabiashara wa gatini akikubali sharti hilo, na apewe yeye, nitakuwa wa kwanza kuketi. Na ule mforsadi muufute kwenye vipimo.

Nimeuliza ofisini kwenu, nikaambiwa marekebisho ya tangazo yanawezekana mpaka Ijumaa mchana. Mnada ni Jumatatu. Barba ameniambia funguo za nyumba zilizoko ukutani ameanza kuziweka kwenye boksi la viatu, na kila uzi ameuandikia jina, kwa sababu hajui atamkabidhi nani.

Wenu mtiifu,
Baharia mstaafu wa Tanga, mkazi wa Piraeus,
metrio tangu 1994